Jinsi ya Kupasua Gogo Bila Kupasuka Wewe

Kwanza fukuza watu. Mashine ya kupasua kuni ikiwashwa tu katika uwanja wa kiwanda cha chai, washauri huzuka kutoka kila pembe: dereva aliyekwisha kushusha majani, mlinzi aliyeliacha geti, karani wa mizani, na mzee mmoja aliyeshika shoka ujanani na tangu hapo haamini chombo chochote kisicho na mpini. Wote wana la kusema, wote wanazidi kusogea, na hakosekani mmoja wa kuweka buti lake juu ya boriti ya mashine ili apigwe picha. Waombe warudi nyuma, hatua kumi au zaidi. Wakisita, zima injini usubiri. Mashine iliyonyamaza haina watazamaji.

Sisemi hivi kwa kuwachukia watu. Chuma kinachosukuma kwa nguvu ya tani 20 hakijui tofauti ya mkaratusi na muundi wa mguu. Na mkaratusi wenyewe, ukipasuka ghafla, hurusha kipande bila kuuliza cheo cha mtu.

Sasa tujue tunapasua nini, na kwa ajili ya nani. Katika nyanda za chai, Kericho, Nandi, Kisii na Murang'a, na vilevile Mufindi na Rungwe upande wa Tanzania, viwanda vingi hukausha chai kwa mvuke wa boila. Boila hula kuni, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni za mkaratusi. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kulisha injini za reli ya Uganda. Baadaye magarimoshi yakahamia kwenye mafuta, mkaratusi ukabaki na kazi ileile ya kuchemsha maji. Kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, maana yake kiwanda usiku kucha kinahangaika kuondoa maji. Na gogo lililoangushwa jana, karibu nusu ya uzito wake nayo ni maji. Anayelisukumia tanurini likiwa bichi anatumia maji kukausha maji. Kilo moja ya kuni zenye maji nusu kwa nusu hutoa megajuli 8 hivi za joto. Kilo moja ya kuni ambazo maji yake yamebaki robo hutoa kama 13. Msitu unaokatwa bure uko katika tofauti hiyo, na mkulima mdogo analipia tofauti hiyo kila bonasi inapohesabiwa.

Kwa hiyo hatupasui ili kuni zipite mlangoni mwa tanuri tu. Tunapasua ili zikauke. Chukua gogo la urefu wa mita moja na kipenyo cha sentimita 60. Limevikwa karibu mita 1.9 za mraba za gome, na kazi ya gome tangu mti ukiwa hai ni kuzuia maji yasitoroke. Lipasue vipande vinne na umefungua mita 2.4 za mraba za mti mtupu zilizokuwa zimefichwa ndani. Na upasue mapema, wiki ileile mti ulipoanguka ikiwezekana. Mkaratusi mbichi huikubali kabari, unalia kidogo na kutoa povu la maji kwenye ncha. Ukiachwa ukauke mzima, nyuzi zake zilizosokotana hukazana na kugoma. Wapo wakubwa wa viwanda wanaorundika magogo mazima nusu mwaka kwa hoja kwamba "yakauke kwanza, tutapasua baadaye." Waheshimuni, wapeni chai, halafu msiwasikilize.

Tuje kwenye kununua mashine. Muuzaji atakupeleka ubavuni mwa mtambo uone maandishi mekundu: TANI 30. Usiseme neno. Toa tepu ya kupimia mfukoni, pima kipenyo cha silinda, toa unene wa ukuta wa chuma pande zote mbili, halafu uliza presha ambayo valvu imefungiwa. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, alionyesha kwamba presha ndani ya umajimaji uliofungiwa husambaa sawasawa kila upande, na mwaka 1795 Joseph Bramah akapata hataza huko Uingereza ya shinikizo lililojengwa juu ya kanuni hiyo. Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Presha ikiwa kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, unapata kilo 15,700, yaani tani 16 kasoro. Ili silinda hiyohiyo ifike tani 30, pampu ingelazimika kusukuma karibu kilo 380 kwa sentimita ya mraba, na pampu ya gia inayofungwa kwenye mashine hizi haifanyi kazi hiyo. Silinda ya sentimita 12 na nusu kwa presha ileile hukupa tani 24 na nusu. Mimi ningechukua tani 20 za kweli, mchana kutwa, kuliko 30 za rangi.

Uliza pia pampu ina hatua ngapi. Pampu nzuri ya kazi hii ni ya hatua mbili: kwanza humimina oili nyingi kwa presha ndogo ili kabari ilifikie gogo upesi, kisha ikigusa mti hubadilika yenyewe, oili inapungua na presha inapanda. Utaisikia. Injini hushusha sauti ghafla, nzito, na kabari inapunguza mwendo. Hapo mgeni hudhani mashine imechoka, kumbe ndipo imeanza kazi.

Na kama kiwanda chako kiko Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kumbuka kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100 unazopanda. Injini iliyotamba dukani Mombasa inafika kwako ikiwa imeacha karibu moja ya tano ya nguvu zake njiani. Nunua iliyo kubwa kidogo. Asubuhi zenye baridi iwashe uiache ingurume dakika chache kabla ya kuipa gogo, maana oili baridi ni nzito na pampu huinyonya kwa shida.

Haya, gogo limefika. Usilinyanyue. Gogo tulilotaja, likiwa bichi, lina uzito unaokaribia kilo 280, na mgongo wako hauna kipuri. Simamisha mashine wima kama ni ya aina inayosimama, ulibiringishe gogo hadi kwenye bamba la chini, au utumie mkono wa kunyanyulia kama upo. Vijana wawili watajitolea kulibeba ili waonekane. Wapeni kazi ya kupanga kuni.

Kabla ya kugusa wenzo, lisome gogo. Tazama ncha zake. Mkaratusi ukikatwa huachia mvutano uliojifungia ndani, kwa hiyo mara nyingi ncha tayari ina ufa unaopita kwenye kiini. Ufa huo ndio njia, ufuate. Tafuta mafundo, na uanzie kabari upande usio na fundo, ili mpasuko uwe umeshapata njia kabla ya kukutana na ugumu. Angalia kama ncha imekatwa sawa. Gogo lililokatwa mshazari halikai wima kwenye bamba; likisukumwa litateleza na kuruka ubavuni, nawe ndiye uliyesimama ubavuni. Lirudishe kwa mwenye msumeno alinyooshe, hata akikununia. Sehemu ya panda, pale mti unapogawanyika matawi mawili, ni ya msumeno pia. Nyuzi zake zimefumana, na utapoteza nusu saa kuupigania ukuni mmoja.

Gogo nene usilivamie katikati kama halina ufa. Anza pembeni, umegue kipande chenye unene wa kiganja, uzungushe, umegue kingine, kama anayemenya muwa, hadi kibaki kiini ambacho sasa kabari itakigawanya bila ubishi. Hapa tani nyingi hazisaidii kitu kama macho yamelala. Na kamwe usilaze gogo kukingama ili kabari ilikate badala ya kulipasua. Mti ni dhaifu unapotenganishwa kwa kufuata nyuzi zake, lakini ukizikata nyuzi kwa kuzikingama unazilazimisha zihifadhi nguvu yote hiyo mpaka zishindwe kwa mara moja. Vipande vyake huruka mbali na havina mwelekeo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu yaliyobaki yote yanaweza kusahauliwa isipokuwa hili. Mashine hii ni ya mtu mmoja. Mkono unaoliweka gogo ndio mkono unaoshika wenzo, na mwingine asiwepo. Karibu kila kiwanda hupendelea wawili, mmoja aweke na mwingine abonyeze, kwa sababu wakubwa wanaona kazi inaenda haraka. Inaenda haraka mpaka siku moja. Mwekaji ameinama, glavu yake iko kati ya gogo na bamba, analisawazisha. Mshika wenzo anauliza, "Sawa?" Injini inanguruma. Mwekaji, ambaye ndiyo kwanza anatafuta mahali pa kulikalisha gogo, naye anauliza, "Sawa?" Kwenye kelele ile, swali na jibu vinasikika namna moja. Wenzo unabonyezwa. Kabari ya sentimita 60 za mwendo hufika mwisho kwa sekunde saba au nane, na vidole havihitaji hata moja. Kama msimamizi atakuuliza kwa nini umemwondoa mtu wa pili, mwambie umemhamishia kwenye banda, anapanga kuni kwa vidole vyote kumi.

Kwa hiyo: weka gogo, shika ubavu wake na si ncha zake, toa mikono, simama mahali pako, ndipo ubonyeze. Mashine zenye nyenzo mbili zinazotaka mikono yote miwili kwa pamoja ni baraka. Anayefunga wenzo mmoja kwa mpira wa baiskeli ili abaki na mkono huru aondolewe kwenye mashine siku hiyohiyo, na asirudishwe kwa kuombewa. Koti lenye kamba zinazoning'inia livue. Miwani vaa.

Kutakuwa na gogo litakalopasuka nusu, pande mbili zikiwa bado zimeshikana kwa nyuzi chache. Hamu ya kutia mkono kwenye ufa na kuzivuta ni kubwa sana, imewagharimu watu. Nyuzi hizo zimekamatana kwa mvutano, na ufa uliofunguka unaweza kujifunga tena. Rudisha kabari, zima, kisha chukua kishoka uzikate. Gogo likikataa kabisa, injini ikizidi kulia na kabari imesimama palepale, achia wenzo. Ukiendelea kubonyeza, oili inapita kwenye valvu ya kupunguza presha na kuchemka bure. Ligeuze ulianze upande wa pili. Mashine ikishindwa upande wa pili pia, hilo gogo limeshinda; liwekee msumeno, na usiruhusu mtu alipige teke.

Paipu za mpira zitazame kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Paipu inapovuja usitafute tundu kwa kupapasa. Oili inayochomoka kwenye tundu la ncha ya sindano kwa presha ile hupenya ngozi na kusambaa chini yake. Kwa nje utaona kadoa, hata maumivu mwanzoni ni madogo, lakini ndani nyama inaharibika na mtu huyo anahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Asifungwe kitambaa na kupewa dawa ya maumivu. Apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha. Kutafuta tundu, pitisha kipande cha boksi mbele ya paipu, kitalowa kwa niaba yako. Na kabla ya fundi kufungua nati yoyote, zima injini na usogeze wenzo mbele na nyuma ili presha iliyobaki itoke.

Kuni zilizopasuliwa zisilale chini. Zipangwe juu ya vijiti au mawe, safu zikiachiana njia ya upepo, juu pawe na paa na pembeni wazi. Banda lililozungushiwa mabati pande zote hufuga ukungu. Mvua za nyanda za chai hazina likizo ndefu, kwa hiyo kuni za kuchoma mwakani zinapasuliwa mwaka huu.

Kujua zimekauka, usiziamini rangi wala mlio wake zikigonganishwa, ingawa mlio husaidia. Teua ukuni mmoja siku ya kupasua, tuseme wa kilo 10. Andika uzito kwa chaki, uuweke katikati ya safu mahali unapoufikia, uupime kila baada ya wiki mbili. Kama ulianza na maji nusu kwa nusu, ukifika kilo 6 na gramu 700 hivi maji yamebaki robo, na banda hilo unaweza kulifungulia boila. Uandike pia kwa herufi kubwa USICHOMWE, kisha mwonyeshe kwa kidole mtu wa boila wa zamu ya usiku. Saa tisa za usiku, geji ikishuka, yeye huchukua kilicho karibu.