Mashua Inataka Sifa

Jirani, kaa hapo kwenye kreti nikwambie. Usinisogelee sana lakini. Bado nanuka papa.

Ilianza na deni. Kuna jamaa nilimkopesha laki nne, akanizungusha mwaka mzima. Simu hapokei. Siku aliyopokea akasema hela hana, ila ana mashua, ipo Kunduchi ufukweni, nikaichukue. Mimi mtu wa Dodoma. Kwetu maji mengi tunayaona kwenye simtanki. Niliposikia mashua tu, nikajiona nimevaa kofia nyeupe, naelekea kisiwa cha Mbudya, upepo unanipiga kifuani. Nikakubali palepale. Hata sikuuliza kama inaelea.

Nikaikuta chini ya mkungu. Futi 16 za mbao za mwembe, zimekauka mpaka unapitisha kidole kati ya ubao na ubao. Ndani kuku anatamia. Aliniangalia kama mimi ndiye nimevamia, na kusema kweli yeye alikuwa na haki zaidi.

Nikasema, kazi ndogo hii. Nikanunua silikoni, ile ya madirisha ya aluminiamu, tyubu 11. Nikaziba kila ufa. Nikapaka rangi ya geti, bluu, nikazungushia mstari mwekundu. Picha ikaenda kwenye grupu la ukoo.

Kesho yake akaja babu fundi. Kwao Nungwi, anaunda vyombo tangu hajaota ndevu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anavuta silikoni yangu kwa ukucha. Ikatoka yote, ndefu kama tambi.

"Mjukuu wangu, ulikuwa unaziba chombo au unapamba keki?"

Kumbe ubao ukiingia majini unavimba. Kwenye ufa unashindilia pamba iliyosokotwa ikaloweshwa mafuta, kwa patasi na nyundo. Ndiyo kalafati hiyo. Ubao ukivimba unaibana pamba, maji yanakosa njia. Silikoni yangu imekaa tu pale kama mgeni asiyekaribishwa. Na si hivyo tu. Mataruma mawili yameoza, misumari imeliwa na kutu, mkuku ndio umepona. Nilipoanza kulalamikia bei, babu akanikumbusha kwamba mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za kumbi, hauna hata msumari mmoja, tanga lake mkeka, na watu wakasafiri nao. "Wewe una misumari ya dukani na bado unalia." Sikuwa nalia. Ni vumbi la msasa.

Basi nikawa kibarua wa mashua yangu mwenyewe. Siku nane nasokota pamba. Ninayosokota mimi, babu anaifumua, anaisokota upya, haongei kitu. Afadhali angetukana.

Siku ya tisa akaizunguka mara mbili, akasema: "Sasa inataka sifa."

Nikajua ni mila. Nikaweka kiganja kwenye ubao, nikakohoa, nikaanza. "Hongera mashua. U imara. Umbo lako zuri, hapa mbele umechongoka vizuri, mbavu zako zimenyooka." Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakanyamaza. Nikadhani wameguswa, nikapandisha sauti. Mmoja akakaa mchangani anashika tumbo. Babu aliniacha nimalize, maana ni mtu wa adabu.

"Sifa, mjukuu wangu. Mafuta ya papa."

Nikayafuata, dumu la lita 5, kifuniko hakuna, nimeziba kwa gazeti. Nikapanda nalo daladala. Breki moja tu. Wewe umewahi kuona konda anarudisha nauli? Mimi nimerudishiwa. Na abiria wakapiga makofi niliposhuka.

Halafu shahamu. Mafuta ya ng'ombe unayayeyusha, unachanganya na chokaa, unapaka kwa mkono tumboni mwa chombo ili wadudu wanaotoboa mbao wasisogee. Nikayeyushia nyumbani. Kwenye sufuria la pilau la Mama watoto. Hapo sisemi zaidi. Nililala sebuleni na paka wanne, na sisi hatufugi paka.

Babu akasema chombo kinashuliwa siku ya bamvua. Nikatazama, mwezi mpevu umeangukia Jumamosi. Safi. Nikaalika watu saa nne asubuhi. Wakwe, ukoo, bosi wangu wa kazini. Nikakodi spika. Tunafika, bahari hakuna. Yaani imeondoka. Tope, mwani, kaa wanatembea, na maji ni mstari tu kule mbali. Babu kivulini anakunywa kahawa.

"Siku ya bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Yatarudi saa kumi. Kwani wewe bahari uliiambia saa nne?"

Pilau liliisha saa sita. Bosi aliondoka saa saba, kiatu kimoja mkononi.

Saa kumi maji hayo. Vijana wakapanga magogo, wakaanza kuimba na kusukuma. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, mashua ikaenda, mimi nikabaki kifudifudi. Lakini ikaelea! Ikaelea kama dakika nne. Halafu maji yakaanza kuingia kila upande. Nikapiga kelele, inazama jamani!

"Iache inywe," babu akasema. Wakaitia na mawe, ikae vizuri chini mbao zivimbe. Miezi miwili naihangaikia, tukaizamisha wenyewe, mbele ya wakwe, spika inapiga taarabu. Mama mkwe akamnong'oneza binti yake, mnong'ono unaosikika Bagamoyo: "Huyu mumeo analala vizuri?"

Siku ya nne tukaifua maji, na ikakaa. Karibu ikae. Mlingoti ukasimama, foromali ikapanda, tanga likajaa upepo, nikavaa kofia yangu nyeupe. Babu akashika usukani, akanigeukia.

"Shika upo!"

"Nipo!" nikajibu kwa ukakamavu.

Vijana nusura waanguke majini. Kumbe upo ni kile kibuyu cha kuchotea maji yanayovuja. Nikachota kwenda, nikachota kurudi. Jioni Mama watoto akaniuliza Mbudya kukoje. Nikamwambia sijui, sikuinua kichwa.