Mwajuma Kaingia, Mvayuma Katoka

Aliyeniponza ni binamu yangu. Alinishika kwa maneno machache tu: "Kijerumani kinasomwa kama kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili." Nami nikapiga hesabu zangu. Shule ni neno lao, Schule. Hela nayo ni yao, kutoka Heller, sarafu waliyoileta huku mwaka 1904. Kama shule nimemaliza na hela naitafuta kila siku, basi nusu ya lugha ninayo tayari.

Jioni ya kwanza darasani nilizidi kuvimba kichwa. A, e, i, o, u za Wajerumani ni zilezile tulizoimba darasa la kwanza! Nikaitikia kwa sauti ya kuongoza gwaride. Kisha zikaja konsonanti. W inasomwa v. V inasomwa f, ndiyo maana Volkswagen kwao ni "Folksvagen". Z ni ts. J ni y. Mwalimu, Mjerumani aliyeshuka kwenye ndege wiki hiyohiyo, akachukua orodha ya mahudhurio.

"Mvayuma!"

Kimya.

"Mvayuma?"

Nikageuka nyuma na mimi nimwone huyo mwenye jina la ajabu. Nikakuta darasa zima linanitazama.

Tukaingia kwenye ü, ile u yenye nukta mbili kichwani. Maelekezo ni mepesi: sema "i", lakini midomo iviringe kama unayesema "u". Kwa kuwa foleni ya Tazara haina haraka na mtu, nikaanza mazoezi ndani ya daladala. Kaka aliyesimama mbele yangu akatengeneza kola, akatabasamu. Nikageukia dirishani niendelee huko. Konda naye akaona midomo imechongoka na macho yamenitoka, akapaza sauti: "Dereva, weka pembeni, dada anataka kutapika!" Abiria wakanipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwenye daladala. Nikashuka. Ningejieleza vipi?

Nikaamua mazoezi yabaki nyumbani. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya ch, ambayo ikifuata a, o au u hutoka kooni kama kh ya "sabalkheri", ila wao wanaikwangua zaidi. Nikajifungia chumbani: acht, Buch, Nacht. Acht, Buch, Nacht. Mara mlango ukasukumwa. Mama amesimama na tonge la kiporo cha ugali mkononi.

"Meza, usitafune. Mwiba utashuka wenyewe."

"Mama, sijakwamwa na mwiba. Nasema 'usiku' kwa Kijerumani."

"Meza kwanza, usiku utausema baadaye."

Nikameza.

Hatimaye ü ikanikubali, na kwa jinsi nilivyoigharamia, nikaitia kila mahali kama chumvi. Mwalimu akaniuliza Jumapili nilikula nini. Keki ni Kuchen, kwa u ya kawaida. Mimi nikasema Küchen. Nikawa nimelitangazia darasa kwamba nilikula majiko, na nikaongeza kuwa yalikuwa matamu sana.

Faraja yangu ilikuwa ramani ya Kijerumani iliyotundikwa ukutani. Mlima wetu wameuandika Kilimandscharo. Nikahesabu: j yetu moja wao wanaihangaikia kwa herufi nne, d, s, c na h! Nikawaonea huruma na wino wao. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Siku ya kujiandikisha kwa mtihani nilipiga simu, akapokea mama mmoja wa Kijerumani. Akaniuliza jina, nikalitaja kama alivyolitaja marehemu bibi aliyenipa. Barua pepe ya uthibitisho ikaja imeandikwa "Muadschuma". Nikalitazama jina langu lilivyofura, kama limeng'atwa na nyuki.

Nikapiga tena. Safari hii nikavuta pumzi, nikatamka polepole: "Mvayuma."

Barua pepe ya pili ikaja: Mwajuma. Herufi saba, hakuna iliyokosewa.

Mama alikuwa amesikia yote. "Huyo Mvayuma ni nani?"

"Ni mimi, mama. Nikitaka waniandike sawasawa, lazima nijiite vibaya."

Akanitazama kwa muda, asiseme neno. Akaenda jikoni, akarudi na tonge la ugali.