Ombi la Zabuni ya Kutofundisha: Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani

Waheshimiwa Wabunge,

Baada ya salamu na taadhima, mimi niliye mtu wa mbali, nisiye na kura katika nchi yenu, naleta ombi kuhusu ile hazina mliyoifungua mwaka 1996, mlipotenga dola milioni 50 kila mwaka ili vijana wafundishwe kujizuia mpaka ndoa, kwa sharti kwamba funzo liwe na kusudi moja tu, nalo ni kubainisha faida za kujizuia. Nia siipingi, hata wazee wetu wa pwani waliusia hayo hayo, ila somo wa kwetu alimweleza mwari kila jambo bayana, na ujira wake haukuitikisa hazina ya dola yoyote.

Nyinyi mmekirimu zaidi na kueleza kidogo. Mwaka 2004 mwenzenu Henry Waxman alipoamuru mitaala 13 isomwe, 11 ilikutwa na uongo au upotoshaji, na humo machozi na jasho vikahesabiwa miongoni mwa viambukizi vya UKIMWI, itikadi ambayo, lau ingesadikiwa huku kwetu, isingebaki matanga yenye watu. Mwaka 2006 wizara yenu ya afya ikapandisha umri wa walengwa hadi miaka 29. Nami nawahurumia walimu, maana kwetu mtu wa umri huo aghalabu keshaoa, keshaacha, na anahangaikia mahari ya pili.

Fadhila hiyo haikutupita. Sheria yenu ya 2003 ya kupambana na UKIMWI iliagiza theluthi ya fedha za kinga iende katika mahubiri hayo, Kenya, Uganda na Tanzania tukiwamo. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, ulipohesabu dola zaidi ya bilioni 1.4 zilizotumika Afrika kati ya 2004 na 2013, haukuona dalili kwamba nyendo za vijana ziligeuka.

Lakini lililonipa ujasiri wa kuandika ni ripoti mliyoiagiza wenyewe, ikatoka mwaka 2007. Vijana zaidi ya 2,000 waligawanywa mafungu mawili: la kwanza likafundishwa, la pili likaachwa bila mafunzo hayo. Katika yote mawili karibu nusu walijizuia, na waliokwisha kuanza, walianza kwa wastani wa umri ule ule wa miaka 14.9.

Basi, Waheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu zabuni ya fungu la pili. Nitawaacha vijana wenu bila kuwafundisha, kwa nusu ya bei, na uzoefu ninao, kwani sijapata kumfundisha kijana yeyote wa Ohio neno lolote. Iwapo jina la kazi halipendezi, naridhia libadilishwe, kama mlivyofanya mwaka 2018 mlipouita mradi wenu elimu ya kuepuka hatari za ngono, mkautengea dola milioni 75 kwa mwaka. Malipo naomba yatangulizwe, maana matokeo mnayo tayari.