Kadi Yenye Adabu kwa Wageni

Ukitaka mtandao wa ofisi yetu ufanye kazi, ulikuwa unamwita fundi. Si lazima atengeneze kitu. Aje tu akae. Akivuta kiti, barua pepe zinapita. Akivuka geti, seva inaandika kwenye kioo kwamba kadi ya mtandao imepitwa na muda, na mama wa uhasibu anaita jina langu kwa sauti ya msiba.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu ya mezani yenye FreeBSD. Aliyenitangulia kazini aliondoka na maelezo yote, akaacha kikaratasi chini ya kibodi: andika "taarabu", bonyeza Enter. Spika zinaanza kuimba. Dada wa mapokezi alilishika hilo upesi kuliko neno lake la siri.

Lile onyo lina mantiki yake. Draiva ikishaikabidhi kadi pakiti, inahesabu sekunde, mara nyingi tano. Kadi isipotoa taarifa kwamba imetuma, draiva inapiga kelele, kisha inaizima kadi na kuiwasha upya. Yaani wataalamu wamesoma kote kule, wakaishia kwenye zima-washa. Mlinzi wetu alishaniambia hivyo hivyo, bila ada.

Bosi alisema ni virusi. Mama wa uhasibu alilaumu mvua, na jua la Dar lilikuwa linachoma. Fundi alishauri tununue kompyuta nyingine. Kumbe anayo moja dukani. Nikabadilisha kebo, nikahamia tundu jingine la swichi. Wapi!

Ndipo nikaandika vmstat -i, amri inayoonyesha kila kifaa kinapitia laini gani kumwita prosesa. Kwenye irq17 ilikaa kadi ya mtandao, na ubavuni mwake pcm0, yaani kadi ya sauti. Kwenye mashine yenye afya hawa wangegawana laini bila ugomvi. Kwenye yetu, taarabu ikianza, wito wa kadi ya mtandao unapotelea njiani. Na akija mgeni, dada wa mapokezi, mtu wa adabu zake, huzima taarabu.

Nilifungua boksi, nikapuliza vumbi, nikaihamishia kadi ya mtandao kwenye sloti nyingine. Sasa pakiti zinapita na taarabu inaimba. Bosi anawaeleza wageni kwamba ni kazi ya ile antivairasi aliyonunua. Iko juu ya seva, kwenye kasha lake, haijafunguliwa.