Usinunue Nambari: Mwongozo wa Kuchagua Binokula ya Nyota, Kitale na Bungoma

Muuzaji wa binokula ana maneno anayoyapenda kuliko yote: "Boss, hii inavuta mpaka Uganda." Kwa mtu aliyesimama Bungoma, Uganda si mbali. Mpaka wa Malaba uko jirani, na Mlima Elgon unaouona ukiwa Kitale una upande mmoja Kenya na mwingine Uganda. Nyota ndizo zilizo mbali. Mwanga wa Kilimia unaotufikia usiku huu ulianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita, na hata ukiikuza mara mia, kila nyota yake itabaki nukta. Binokula nzuri inakuongezea nukta: pale jicho lilipohesabu nyota sita, kioo kinaonyesha makumi. Kazi hiyo hufanywa na mwanga unaoingia kwenye kioo, wala haifanywi na kuvuta. Ukilishika hilo moja, muuzaji hatakupata, awe nyuma ya kaunta au nyuma ya simu.

Hatua ya kwanza: acha pesa mfukoni, toka wewe

Kitale iko kama nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, na imeikaribia ikweta zaidi. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haoni nyota zote za Dubu Mkubwa. Wewe, saa tatu usiku mwezi wa Mei, mawingu yakikuruhusu, unasimama uani kwako na kuviona vyote viwili: msalaba upande wa kusini, dubu upande wa kaskazini. Ikweta hiyo hiyo iliwavuta Waitaliano hadi pwani ya Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Shida ni mawingu. Trans Nzoia mvua huanza Machi na kuendelea kwa miezi mingi, na mwezi wa Julai mahindi yamekupita urefu, huoni upeo wa macho hata ukisimama juu ya kiti. Bungoma nayo hupokea radi za alasiri na jioni. Kisha Desemba inafika. Mvua inapungua, mahindi yameshavunwa, shamba limebaki wazi hadi kwenye ua wa jirani, na anga lote linafunguka. Miezi hiyo hiyo, Desemba hadi Februari, ndiyo Orion na Kilimia hupanda juu sana angani. Kwa hiyo msimu wa kununua ni mwisho wa Novemba, pesa za mahindi zikiwa zimeanza kuingia na kabla karo ya Januari haijazimeza.

Wakati unangoja, jifunze kwa macho matupu. Anayeijua Orion kabla ya kununua ataitumia binokula usiku wa kwanza. Asiyeijua ataitumia kuangalia mnara wa simu.

Hatua ya pili: gawanya

Kila binokula ina nambari mbili, kwa mfano 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 10 ni 5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwali wa mwanga unaotoka kioo cha nyuma na kuingia jichoni mwako.

Gizani mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7, na ya mtu mzima huwa inapungua kuelekea 5 kadiri umri unavyosonga. Kijana wa kidato cha nne anafaidi 7x50 yote, kwa kuwa 50 kwa 7 ni kama 7. Mwalimu wake aliyefika miaka 50 anafaidi zaidi 10x50. Ukitaka kifaa cha usiku na mchana, chukua 8x42, jibu lake likiwa zaidi kidogo ya 5. Ni nyepesi, na Jumamosi utaenda nayo Saiwa, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, ukaangalie ndege na wanyama wa kinamasi.

Sasa gawanya ile ya tangazo. "20x50" inakupa 2.5, na picha yake ni ya giza. "60x60" ingekupa 1, kama nambari hizo zingekuwa za kweli, na mara nyingi si za kweli. "1000x1000" inadai kioo cha mbele chenye upana wa mita nzima. Kipime kwa rula palepale kaunta, umwonyeshe muuzaji jibu.

Ukuzaji mkubwa una adhabu ya pili. Mkono wa binadamu hutetemeka, na binokula hukuza mtetemeko pamoja na nyota. Mara 10 ndiyo mwisho wa mikono mitupu kwa watu wengi. Zaidi ya hapo unahitaji stendi ya kamera. Kwa 10x50 mboni hupokea mwanga mara 50 hivi kuliko jicho tupu la kijana, na ukitazama unaona kipande cha anga kinachoweza kupangwa Miezi zaidi ya kumi kwa upana. Kwa anayeanza, hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachompa hivyo vyote viwili.

Hatua ya tatu: itoe nje ya duka

Ndani ya duka kila binokula ni nzuri, kwa sababu hakuna cha mbali cha kuangalia. Mazungumzo yawe hivi:

"Ndugu yangu, naomba niijaribu hapo nje."

"Boss, hii ni orijino. Ya jeshi."

"Sawa. Tuijaribu hiyo ya jeshi hapo nje."

Muuzaji mwaminifu atatoka nawe. Asiyetaka kutoka amekujibu. Mkiwa barabarani, fanya haya kwa utaratibu.

Itikise karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, irudishe.

Geuza vioo vya mbele kwenye mwanga. Vikiwa vyekundu kama shanga, achana nayo. Rangi hiyo hupendeza kwenye rafu, lakini inaurudisha nje mwanga mwekundu uliotakiwa kuingia. Vioo vizuri hurudisha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau. Vikirudisha weupe mkali kama dirisha, havijapakwa kitu.

Inyooshe mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe, mbali na Jua. Kwenye kila kioo cha nyuma utaona duara dogo la mwanga. Duara likiwa kamili, prizimu za ndani zina ubora. Likiwa na kingo za kijivu zilizokatika, likaelekea kuwa mraba, kioo cha prizimu ni cha daraja la chini, au kimekatwa kidogo ili kupunguza gharama.

Kisha fanya jaribio kubwa kuliko yote. Tafuta paa la mabati au kilele cha mlingoti ulio mbali. Rekebisha gurudumu la katikati kwa jicho la kushoto ukiwa umefunika kioo cha mbele cha kulia, halafu funika cha kushoto urekebishe pete ya jicho la kulia. Tazama kwa macho yote mawili. Yafumbe, hesabu hadi tatu, yafumbue. Ukiona mapaa mawili yanayokimbiliana kuwa moja, mirija miwili haielekei mahali pamoja. Macho yako yatajitahidi kuyaunganisha, yatafaulu dukani, na baada ya robo saa usiku kichwa kitauma. Kosa hili halitibiki nyumbani, na ndilo linalowafanya watu wengi waseme binokula "si za macho yangu".

Ukivaa miwani, vaa miwani. Kunja mpira wa kioo cha nyuma na uangalie kama bado unaliona duara lote la picha. Mwisho, chunguza mbele ya kiungo cha katikati kama pana tundu lenye nyuzi, chini ya kifuniko kidogo. Ndipo stendi itakapofungwa siku utakapoihitaji.

Hatua ya nne: usiidharau ya ex-UK

Binokula kuukuu zilizoingia pamoja na vifaa vingine vya ex-UK mara nyingine huwa na vioo vilivyosagwa vizuri kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Adui yake ni ukungu. Washa tochi ya simu, imulike kupitia kioo cha mbele, wewe ukiangalia kutoka nyuma, kisha geuza. Ukiona nyuzi kama za buibui zilizotandazwa ndani, ni kuvu, nayo imeanza kuila ile rangi ya kioo. Mafuta yaliyokauka kwenye gurudumu fundi anaweza kuyasafisha. Kuvu iache dukani.

Hatua ya tano: mtandaoni, soma kabla ya kubonyeza

Maduka mengi ya Kitale na Bungoma hayana binokula nyingi, kwa hiyo wengi wataishia kwenye simu. Huko huwezi kutikisa wala kutoa nje. Una silaha tatu.

Ya kwanza ni maneno ya tangazo. Ukiona "kuona usiku" kwenye kifaa kisicho na betri, muuzaji anauza giza. Ukiona zumu ya "10 hadi 180", acha. Mitambo ya zumu ya bei ndogo ni vigumu mirija yake miwili ikae sawa. Tafuta uzito: 10x50 halisi huwa karibu na kilo moja. Ikiandikwa gramu 200, vioo vya milimita 50 havimo.

Ya pili ni picha za wanunuzi wenyewe. Picha ya kiwandani huonyesha kioo cheupe, ya mnunuzi huonyesha chekundu. Amini ya mnunuzi.

Ya tatu ni malipo. Chagua kulipa baada ya kufikishiwa, na kuchukua mzigo kwenye kituo kilicho mjini ambako unaweza kufungua na kukagua. Uliza mapema siku za kurudisha ni ngapi na nauli ya kurudisha ni ya nani. Anayekuambia utume kwanza "pesa kidogo ya delivari" kwa nambari binafsi, mwache na binokula yake. Na kila unapolipa kwa M-Pesa, lisome jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Likiwa si la duka, simama hapo.

Mzigo ukifika, rudia hatua ya tatu yote siku hiyo hiyo. Siku za kurudisha huanza kuhesabiwa hata ukiwa shambani.

Hatua ya sita: wajulishe majirani

Mtu aliyesimama gizani saa nne usiku na binokula usoni ana maelezo ya kutoa. Yatoe mapema. Mwambie mzee wa kijiji na majirani wa Nyumba Kumi, waalike waje waangalie Mwezi, na usielekeze kifaa kwenye nyumba ya mtu. Kaa mahali taa za mji zimefichwa na nyumba au ua wa miti. Lala chali kwenye mkeka, viwiko vikiegemea mbavu, ili picha itulie. Zima simu, kwa kuwa macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza na mwanga wa simu huyarudisha mwanzo.

Kitale usiku kuna baridi na umande. Ukiingia ndani, acha binokula ikauke bila kifuniko kabla ya kuifungia, kisha iweke pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Msimu wa mvua ndio unaootesha kuvu.

Hatua ya saba: kipi utaona, kipi hutaona

Utaona mashimo ya Mwezi kwenye mstari unaogawa mwanga na giza, vizuri zaidi ukiwa nusu kuliko ukiwa mpevu. Utaona wingu la Orion kusini mwa zile nyota tatu za mkanda wake. Ukiegemeza mikono kwenye ukuta, utaona miezi minne ya Jupita, ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Hutaona pete za Zohali, kwa sababu mara 10 haitoshi. Wala hutaona Enaiposha, sayari ya mbali iliyopewa jina la Kimaasai na timu ya Kenya mwaka 2023; hata nyota yake, Orkaria, ni hafifu mno kwa binokula yoyote ya mkononi.

Na Jua usilitazame kamwe. Kioo cha milimita 50 hukusanya mwanga wake na kuumimina ndani ya jicho, na sehemu inayoungua haina hisia ya maumivu ya kukuonya. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, Jua litapatwa kwa sehemu likionekana kutoka Kenya, na watoto watakimbilia kifaa. Siku hiyo binokula ifungiwe kabatini na ufunguo ukae kwako.

Itoe tarehe 31 Desemba 2028. Jumapili hiyo watu watakuwa wamerudi nyumbani kwa mwaka mpya, na Mwezi utachomoza mashariki ukiwa umeshaanza kumegwa. Tangu kama saa moja na robo hadi karibu saa mbili na nusu usiku utakuwa umepatwa wote. Kupatwa kwa Mwezi ni salama kwa macho na kwa kioo. Mfundishe kila mmoja kurekebisha pete ya jicho lake la kulia, mpe shosho zamu ya kwanza, na usimharakishe.