Jinsi ya Kushika Namba Moja Google na Kuipoteza kwa Heshima

Mangi, tuongee kibiashara. Mlima ni mmoja, kilele ni kimoja, mita 5,895, na geti la Machame halijali umepita na kampuni gani. Kinachokutofautisha na jirani yako si hema wala mpishi. Ni nani anatokea juu pale Mwingereza anapoandika kwenye Google kwamba anataka kupanda Kilimanjaro. Jumatatu wewe ni wa tatu, Jumatano wa kumi na nne, Ijumaa wa sita, na hujagusa kitu. Wenzako wanakosa usingizi kwa jambo hili. Wewe fuata maelekezo haya: utapanda haraka, utashuka haraka zaidi, na lawama hazitakugusa.

Kwanza, jipime kwa simu yako mwenyewe. Kaa ofisini, andika maneno yako, bofya tovuti yako, rudia kila asubuhi kabla ya chai. Google inajua uko Moshi na inakumbuka unachopenda kubofya, kwa hiyo itakufurahisha. Piga picha ya skrini, weka status. Usithubutu kumwomba shemeji aliyeko Birmingham ajaribu na yeye, maana atakukuta ukurasa wa nne, na mteja wako anaishi mtaa wa shemeji, haishi Shantytown ya hapa Moshi. Tena shemeji akijaribu jioni anaweza kupata jibu lingine kabisa. Google haina kompyuta moja. Ina majumba ya kompyuta katika nchi nyingi, na hesabu mpya haziingii kote kwa dakika ile ile. Lakini hayo ni mambo ya mafundi. Wewe una picha ya skrini.

Pili, jaza tovuti bila kuandika. Maelezo ya njia za mlimani yapo tayari kwa kila mtu: Marangu ni njia ya Coca-Cola, Machame ni ya Whisky, Lemosho ina mandhari ya kuvutia. Nakili. Ukiona aibu, ipe kazi akili mnemba, itakutolea kurasa mia mbili kabla mtori haujaiva: kupanda Kilimanjaro ukitokea Leeds, ukitokea Lyon, ukitokea kila mji wenye uwanja wa ndege. Ni kweli kwamba Februari 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakazishusha tovuti zenye maneno mengi na faida kidogo. Ni kweli pia kwamba Machi 2024 ilitunga kanuni dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi kama matofali. Lakini kati ya kufyatua na kukamatwa hupita wiki kadhaa tamu, na ndizo tunazozitafuta.

Jambo moja tu nakukataza: usiandike unachokijua. Usiseme tope la msitu wa Machame mwezi wa Aprili linafika wapi kwenye buti. Usieleze choo cha kambi kikoje, wala mgeni avae nini anapoamshwa kambi ya Barafu saa sita usiku kwenda kileleni, wala bahasha ya bakshishi inagawanywaje kati ya kiongozi, mpishi na wagumu wanaobeba mizigo. Hayo ndiyo wageni wanayoyatafuta usiku kucha wakiwa kitandani kwao. Ukiyaandika utakaa juu kwa miaka, na hapo mwongozo huu utakuwa hauna kazi.

Tatu, nunua linki. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998, waliamua kwamba tovuti moja ikiitaja nyingine, hiyo ihesabiwe kama kura. Palipo na kura, mangi, pana takrima. Utaletewa linki elfu moja kwa bei ya mbuzi, kutoka tovuti za kamari, za dawa za kupunguza tumbo, na moja ya fundi bomba wa Poland anayekusifia kwa Kiingereza kisichoeleweka. Zipokee zote. Ukiwa na hela zaidi, nunua jina la tovuti iliyoachwa na shirika la misaada lililokufa, lile lililokuwa likichimba visima, ubandike humo bei zako za Lemosho siku nane. Heshima ya marehemu itakubeba kwa muda, ingawa mbinu hiyo nayo imeingia kwenye orodha ya makosa ya Google tangu ile Machi 2024.

Siku utakapokamatwa, usijione mnyonge. Februari 2006 Google iliitoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye majibu yake kwa kuweka kurasa za kuihadaa. Februari 2011 ikalishusha duka kubwa la Marekani, JC Penney, kwa sababu ya linki za kupandikiza. Aprili 2012 ikaleta Penguin, mahususi kwa wanunuzi wa kura. Utakuwa umeanguka pamoja na watu wazito. Si haba kwa ofisi yenye viti vitatu.

Nne, jisifu kwa midomo ya wengine. Waite wagumu na wapishi, wape Wi-Fi ya ofisi, kila mmoja aandike maoni ya nyota tano, yote kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hapa kuna hatari moja tu: Agosti 2022 shirika la simu, TTCL, lilipeleka intaneti mlimani. Zamani mgeni mwenye hema linalovuja alisubiri ashuke mjini, aoge, asamehe. Sasa anakaa kambi ya Horombo, mita 3,720, soksi mbichi, uji umepoa, vidole vinamwasha kuandika.

Tano, seva iweke chini ya meza ya mapokezi. Umeme ukikatika, roboti wa Google atabisha na kuondoka. Akiendelea kukuta mlango umefungwa kwa siku kadhaa, ataanza kuzifuta kurasa zako. Ikitokea tena kama Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikasota, utakuwa na kisingizio chenye ukubwa wa bahari.

Na visingizio ndiyo hatua ya mwisho, kwa sababu mbia wako wa kizungu atakuja. Usimtajie fundi bomba wa Poland. Mwambie, "Google wamebadilisha mambo." Hutakuwa umedanganya: mwaka 2022 pekee walifanya mabadiliko zaidi ya 4,000. Ni sentensi inayofaa mwezi wowote. Kati ya Machi na Mei ongeza kwamba ni masika, wageni wenyewe hawatafuti. Tangu 2024 unayo nyingine nzuri zaidi: siku hizi akili mnemba inajibu juu kabisa, hata namba moja yuko chini. Akiuliza mbona wengine wamepanda wiki ile ile uliyoshuka wewe, mpeleke Kibosho ukamwagizie kisusio, ile supu ya damu. Kisha mweleze, taratibu, ile damu ni ya mbuzi gani.