Kinga ya Mashindano ya Zamani: Mwongozo kwa Wakaidi wa Lubumbashi

Usianze sokoni. Anza nyumbani, sakafuni, kinga, yaani baiskeli yako, imepinduliwa magurudumu juu, nawe umeshika kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili. Kinga si adimu Lubumbashi. Alfajiri kwenye barabara ya Kasenga au ya Kipushi utakutana na watu waliotoka porini usiku wakizisukuma, magunia ya makala, yaani makaa, yamepangwa hadi yanampita msukumaji kimo. Lakini kinga hizo na hiyo yako ya mashindano, yenye mabomba membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, zinachangia ukoo tu. Vipuri hazichangii. Ukitoka bila vipimo utarudi na mfuko wa vitu vizuri visivyo na pa kukaa.

Ukishapima, jifunze kunyamaza kuhusu jina. Mwenye kinga ya zamani ana ugonjwa mmoja: akimwona fundi tu, anaanza kuhubiri. Hii ni Peugeot, fremu ni Reynolds 531, Eddy Merckx alikuwa katika timu ya Peugeot mwaka 1966 na 1967 na akashinda mbio za Milano–Sanremo miaka yote miwili. Yote ni kweli, na chuma cha 531 kimekuwapo tangu 1935. Lakini sifa hizo humpandishia muuzaji bei na hazimwambii fundi chochote cha kazi. Mpe namba. Ukitaka kusimulia habari za Merckx, subiri spana iwe imewekwa chini.

Shida kubwa zote huanzia kwenye bomba la pedeli, lile fupi la chini linalobeba mhimili wa kranki. Ndani yake mna vikombe viwili vya chuma kigumu, kimoja kila upande, na gololi zinazunguka kati ya kikombe na mhimili. Kila taifa lililotengeneza baiskeli liliamua hesi yake. Mfaransa alichagua milimita 35, hatua ya milimita 1, vikombe vyote viwili vikifungwa kwa kuzungusha kulia. Mtaliano alichagua milimita 36, hesi 24 kwa inchi, naye akafunga vyote kulia. Mwingereza akaja na inchi 1.37, hesi 24 kwa inchi, lakini kikombe cha upande wa mnyororo akakifunga kushoto. Mswisi akachukua kipimo cha Mfaransa na mkono wa Mwingereza. Motobécane kadhaa za miaka ya 1970 ziko hivyo, na mtu asiyejua hilo anaweza kushinda siku nzima akikaza kikombe anachodhani anakifungua.

Mwingereza alikuwa na sababu. Mguu unapokanyaga pedeli, mzigo unatembea ndani ya kikombe na kukisogeza polepole kinyume cha mzunguko wa mhimili. Upande wa kulia, kinyume hicho ndicho hasa mwelekeo wa kufungua hesi ya kawaida. Ndiyo maana kikombe cha kulia cha kinga ya Kifaransa au ya Kitaliano hulegea chenyewe njiani. Hujarogwa, na fundi hakukuibia. Kikaze kwa spana inayokishika sawasawa, ukikague tena baada ya safari za kwanza, na ukizoee hivyo.

Tofauti kati ya kikombe cha Mfaransa na cha Mwingereza haifiki robo ya milimita. Macho hayaioni, hesi inaiona. Na hapo ndipo utakapomtambua fundi wa kweli. Nenda komini ya Kenya, hapa hapa mjini, pita pembeni ya soko, utafute aliyeketi mbele ya kopo lenye gololi zilizolowa mafuta. Mkabidhi kikombe na fremu, kisha tazama mikono yake. Aliye mzuri hatafuti nyundo. Anakipangusa kikombe kwa kitambaa, anapitisha ukucha juu ya hesi, anakigeuza kwenye mwanga. Anakiweka mdomoni mwa bomba kwa vidole viwili na kukirudisha nyuma kwanza, taratibu, mpaka kidondoke kidogo kwenye mwanzo wa hesi. Ndipo anakisogeza mbele, bado kwa vidole viwili. Kikigoma kwenye mzunguko wa pili au wa tatu, anakitoa.

"Papa, hii haiko yake," anasema, na kukurudishia.

Mtu huyo mlipe, hata kama hajafunga kitu. Amekuokolea fremu. Mwenzake wa kibanda cha pili atakuambia inaingia, naye hasemi uongo: kwa spana ndefu kila kitu huingia mara moja. Kikishaingia kimekata hesi mpya juu ya ya zamani, na hapo umebaki na mlango mmoja, kukata bomba upya kwa kipimo cha Mtaliano, kwa kuwa milimita 36 ni kubwa kuliko zile nyingine mbili. Mlango huo unapitika mara moja tu. Usiutumie kwa sababu ya haraka ya Jumamosi.

Matairi yana mtego wao, na huu ni wa hatari. Dukani utaomba tairi la 28 na utapewa la 28, jipya, la bei nzuri. Ni tairi la kinga za mizigo, Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Rimu yako ya mashindano, ikiwa ni 700C, ina milimita 622. Tairi hilo litavaliwa kwa urahisi unaopendeza, bila hata kutumia vijiko vya kutolea tairi, na urahisi huo ndio onyo lenyewe. Ukijaza upepo linaruka nje ya rimu. Likichelewa kuruka, litaruka uko kwenye mteremko. Dawa iko kwenye baiskeli za mitumba kutoka Ulaya: zile za mjini za Wabelgiji na Waholanzi, zilizoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni 37-622. Namba mbili za mwisho zinaweza kufunikwa na vumbi, zipanguse uzisome. Hata baiskeli za milimani za 29 zina rimu ya 622, ila tairi lake ni nene mno kwa fremu yako. Na kama rimu yako ni ya inchi 27, hiyo ni 630, na hakuna tairi la 700C litakalokuhurumia.

Baada ya hayo mabaya, pokea habari njema, kwani ipo moja kubwa. Gia za zamani hazina kiburi. Wenye kinga za Kifaransa wanaijua Simplex, ile gia ya nyuma ya plastiki ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo kwa uzee hupasuka ghafla. Wengi wanakaa miaka wakiota Simplex nyingine. Waache waote. Vijiti vyako vya kubadilishia gia kwenye bomba la fremu havina vituo, vinashikwa na msuguano tu, na kwa hiyo vinaweza kuvuta gia ya nyuma ya kampuni yoyote: Shimano iliyotoka kwenye baiskeli ya mtoto, SunTour yenye kutu, yoyote. Tatizo ni sikio la fremu, pale gia inaponing'inia. Sikio la Simplex ni tundu lisilo na hesi, dogo kidogo kuliko linavyotakiwa. Fundi mwenye kifaa cha kukatia hesi ya milimita 10, hatua ya milimita 1, analimaliza kabla chai yako haijapoa. Mnyororo nao utoe kwenye mitumba hiyo hiyo. Ule wa kinga za makala ni mpana, utakwaruza meno ya jirani kila ukibadilisha gia.

Sasa twende kwa wakerezaji, maana hapa ndipo Lubumbashi inapoizidi miji mingi iliyo tajiri kuliko yenyewe. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni za madini, Union Minière, kisha Gécamines, zilihitaji watu wa kukereza, kuchomelea na kupima, na ujuzi huo haukukaa ndani ya ukuta wa kiwanda. Wamisionari Wasalesiani waliofika 1911 wamefundisha ufundi hapa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwenye mashine ya kukerezea atakuchongea wosha ya unene unaotaka, bushi, nati ya hesi iliyokufa Ulaya, kotapini za kushikia kranki. Mletee kitu cha mfano, hata kilichovunjika, pamoja na kile kinachoingiliana nacho. Mchoro peke yake hautoshi, na maneno ndiyo hayatoshi kabisa.

Lakini kuna vitu ambavyo hutamwomba. Usimwombe kikombe cha pedeli kwa chuma laini. Kitatoka kizuri, king'aacho, na gololi zitakichimba mitaro kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa cha asili kiligumishwa kwa moto. Usimwombe kranki. Na kwa jina la mama yako, usimwombe shingo ya usukani wala uma wa mbele. Kitu kinachobeba meno yako ya mbele kinunuliwe kikiwa kizima au kisinunuliwe. Shingo ya usukani ya kawaida ina milimita 22.2, bomba la uma wa Kifaransa linataka 22.0, hapo msasa na subira vinatosha, ukiizungusha shingo mkononi ili upunguze pande zote sawa, ukijaribu kila mara. Nyundo isikaribie.

Kuna jaribu moja ambalo ni la kwetu hasa. Bomba la kiti litalegea, kwa sababu kiti cha 27.0 kimewekwa kwenye fremu ya 27.2, na mtu mwenye nia njema kabisa atakuletea kipande cha shaba nyembamba ukikunje pale. Shaba ipo, ni laini, inakunjika vizuri, na inaonekana kama heshima kwa mji. Kataa kwa upole. Bomba la kiti chako ni la alumini, na alumini ikigusana na shaba penye unyevunyevu huliwa. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zitafanya kazi hiyo bila malipo, na ukija kutaka kushusha kiti utakuta kimeota mizizi. Kata ukanda wa kopo la kinywaji la alumini. Lisilovutwa na sumaku ndilo hilo. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mzunguko mmoja unaongeza karibu milimita 0.2 kwenye kipenyo, sawasawa na upungufu wako. Paka grisi kwanza.

Vile ambavyo havitengenezwi wala haviuzwi sokoni viko kwenye nyumba za watu. Makao ya zamani ya wafanyakazi wa kampuni yana stoo, na stoo zina magurudumu. Kwenda huko kuna adabu yake. Usifike ukiangalia ukutani badala ya kumwangalia mwenyeji. Salimia, keti, ulizia watoto na wajukuu, na kama kinga ilikuwa ya marehemu, uulize alikuwa akiendesha wapi. Mama akianza kueleza, usimkatize kwa kutoa kalipa. Huenda ukaambiwa urudi wiki ijayo, na wiki ijayo tena. Rudi. Kinga ya marehemu haiuzwi kwa mgeni wa siku moja, na mimi naona ni haki. Ukipewa, chukua unachokihitaji kwa kweli. Fremu nzima yenye magurudumu usiivunje kwa ajili ya breki, itafutie kijana wa kuiendesha.

Kwa mtu wa makala sheria ni kali zaidi. Spoki au gololi zake za akiba anaweza kukuuzia akitaka. Kipuri kilicho kwenye kinga inayofanya kazi usikitamani, wala usimtingishie dola akiwa amechoka. Ile ndiyo karo ya shule ya watoto wake. Badala yake muulize. Anajua kuunda gurudumu linalobeba mzigo mara kadhaa ya uzito wako kwenye barabara zenye mashimo, na akikuambia spoki zako za upande wa friwili zimelegea, zimelegea.

Mwisho yuko ndugu anayerudi kutoka Bruxelles. Usimwambie akuletee vitu vya Peugeot, atakuletea fulana. Mwandikie karatasi yenye mistari michache: kikombe cha kulia, 35 kwa 1, kinafungwa kulia, pedeli 14 kwa 1.25, picha ya kila kimoja kando ya rula. Omba vidogo na vyepesi, kwani sanduku lake lina maombi ya ukoo mzima na uzito wa mizigo kwenye ndege una kikomo. Mlipe kabla hajasafiri. Akirudi na kimoja kati ya vitatu, mshukuru kwa kile kimoja mbele ya watu.

Ukishafunga kila kitu, usiende moja kwa moja kujionyesha. Zunguka mtaani, shuka, shika kila kranki uitingishe upande kwa upande. Kotapini hukaa sawasawa baada tu ya kubebeshwa uzito wa mwili, kwa hiyo zigonge tena kidogo, ukiegemeza kranki juu ya kipande cha bomba ili pigo lisifike kwenye gololi, ndipo ukaze nati. Kikombe cha kulia kikague pia. Fanya hivyo hivyo kesho yake, kisha ondoka na barabara ya Kipushi mapema, kabla malori hayajaamka.